Kulwa na Doto Hawakuzaa

Wenzangu wa kitaluni, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, mbuzi na hotuba ndefu, mkaniambia nikakae kwangu Somanda nipumzike. Nimepumzika hadi nimechoka. Bodaboda zinapita kupeleka watu hospitali, na mimi nimeanikwa kibarazani kama michembe ya viazi. Kwa hiyo nimeamua kuandika, kama mlivyoniomba, miaka yangu ya kazi ya misitu.

Mambo ya vyeo na mshahara siyagusi. Vyeo vilichelewa, na mshahara ulifika ukiwa umeshatumika. Nitaandika habari za kichaka kimoja tu, maana ndicho kilichokula miaka yangu, na maana wengi wenu mnakipita kila asubuhi pale getini mkidhani kinaendelea vizuri. Hakiendelei vizuri. Kimekwisha, na maua mnayoyaona yasiwadanganye.

Kichaka chenyewe hakizidi kimo cha mtu mzima. Majani yake yanakaa mawili mawili yakitazamana, na gome linabanduka kwa nyuzi. Maua ni membamba na marefu, meupe yakichanua, ya njano yakizeeka, na yananukia zaidi jua linapotua. Kila kikonyo kinabeba maua mawili, kamwe si moja. Neema, ambaye nitamfikia, alituambia ni ukoo mmoja na ule mmea unaotambaa kwenye mageti ya wenye nyumba nzuri mjini. Watu wa kijiji cha Nkoma hawakuhitaji kuambiwa ukoo. Walikiita Kulwa na Doto, kama tunavyowaita watoto mapacha.

Kinapenda mawe na upepo. Hapa kwetu, kwenye tambarare ya udongo mweusi, jiwe likizidi paa la nyumba tunaliita mlima, lakini ule wa nyuma ya mashamba ya pamba ya Nkoma ulikuwa mlima kweli, na ukiupanda ulikuwa unahema. Huko juu ndiko Kulwa na Doto walikoota, vichaka vingi, vingine virefu, vingine vimejikunyata kwenye nyufa za mawe. Upande ule kulikuwa na desturi. Nyumba iliyopata mapacha ilimtuma mtu mlimani akavunje tawi, likachomekwa karibu na mlango. Likishika, watu walifurahi. Lisiposhika walikwenda kuvunja jingine, na mlima ulivumilia.

Nilifika kitaluni nikiwa msichana, nimevaa viatu vya dada yangu vya kwenda kanisani. Aliyenipokea ni Mzee Masunga, msimamizi wa kitalu, mtu mwembamba mwenye kofia ya ukindu ambayo sikuwahi kuiona mpya. Hakutazama cheti changu. Alitazama viatu.

"Vua hivyo, ng'wanone," akaniambia. Alimwita kila mtu mwanangu, hata mkuu wa idara. "Hapa tunakanyaga samadi."

Akanipa keni ya bati iliyotoboka chini, akanipeleka kwenye matuta. Nilimwaga maji kama ninayeosha baiskeli, miche ikalala chali. Mzee Masunga hakukasirika. Aliinyanyua mmoja mmoja kwa vidole viwili, akaibana udongo shingoni.

"Mche unanyweshwa kama mtoto mwenye homa," alisema. "Pole pole, na usiondoke mpaka ameze."

Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza, na kusema kweli sikuja kupata mengine yaliyonisaidia zaidi. Alinifundisha kuchekecha mchanga wa mtoni kwa ungo, kuchanganya na udongo wa msituni na samadi iliyooza hadi ikaacha kunuka, kujaza viriba bila kuacha hewa ndani. Alinifundisha kutambua mche wenye kiu kabla haujasinyaa, kwa kugusa jani kwa nyuma ya kidole. Kisu chake alikitengeneza mwenyewe kwa kipande cha msumeno, na alikinoa juu ya jiwe kila asubuhi kabla ya chai. Nilimwomba anifundishe kukinoa, akasema nisubiri kwanza nijue kukata.

Kukata kwenyewe kulikuwa hivi. Unachagua tawi la mwaka huu lililoanza kukomaa, lisilokuwa na ua. Unalikata chini kidogo ya pale majani mawili yanapotokea, kwa mshazari, mara moja, bila kulisaga. Unatoa majani ya chini, unachomeka kwenye mchanga mbichi, unafunika na kivuli cha nyasi. Baada ya majuma kadhaa unavuta kipandikizi chako kidogo; kikikuvuta nacho, kimeshika. Kwa miti mingi ya huku njia hiyo ni ya kubahatisha. Kwa Kulwa na Doto wetu ilikuwa rahisi mno, na hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Nasema wetu kwa sababu Mzee Masunga, kabla sijafika, alikwenda Nkoma akajaribu vipandikizi vya vichaka vingi vya mlimani. Karibu vyote vilioza. Kimoja tu kilikubali, kichaka chenye maua mengi kuliko vingine, ambacho kila kipande chake kilishika hata kikichomekwa na mlevi. Akakichimba chote na mizizi yake, akakifunga kwa gunia, akakibeba kwenye baiskeli hadi Bariadi na kukipanda getini. Akakiita Mama. Miche yote ya Kulwa na Doto iliyotoka kitaluni, mwaka hadi mwaka, ilikatwa kwa Mama. Kazi ya kitalu ndivyo ilivyo kila mahali. Unatafuta mti mzuri unaokubali, unazidisha huo, na mibaya unaiacha ilipo. Hakuna aliyeuliza, na sijui nani angeuliza.

Mzee Masunga alikuwa na sababu ya kuuzidisha. Aliona mlima unachakaa kwa kuvunjwa matawi, watu wameongezeka na mapacha nao. Basi akaanzisha mtindo wake. Alizoeana na wauguzi wa hospitali, na mama akijifungua mapacha walimpasha habari. Mzee alivaa shati safi, akapeleka mche kwenye kiriba, akamkabidhi yule mama kitandani. "Msipande mlimani," aliwaambia ndugu. "Huyu ameshaota mizizi. Mkamchimbie shimo tu." Nilikwenda naye mara nyingi. Nimeona akina mama wakilia kwa furaha, nimeona mabibi wakipiga vigelegele wodini hadi muuguzi akatufukuza. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote katika kazi yangu. Nikikumbuka sasa moyo unaniuma kama jino.

Wakaja wachimba kokoto. Mji ulikuwa unapanuka, ofisi zinajengwa, barabara zinawekwa lami, na kila mtu alitaka mawe. Malori yaliingia Nkoma, wanaume wakapasua mwamba, wanawake wakakaa chini na nyundo kuponda. Mzee Masunga alikuwa amestaafu na magoti yamekataa, kwa hiyo nilikwenda mimi. Niliyemkuta karibu na njia alikuwa Holo, mjane niliyesoma naye shule ya msingi. Amekaa juu ya gunia, jiwe kalizungushia kipande cha mpira lisimrukie usoni, na mikono yote nyeupe kwa vumbi.

"Mwadila, Holo."

"Mwadila, Kabula. Umekuja kuponda?"

"Nimekuja kuwaomba. Vile vichaka vya nyuma yako msiving'oe."

Akageuka akavitazama. Vilikuwa na matunda wakati huo, vitunda vyeusi viwili viwili. "Hivi? Vinaliwa?"

"Vinaliwa na ndege."

"Ndege hawanisomeshei watoto, Kabula." Hakusema kwa ubaya. Aliinua nyundo, akaishusha, jiwe likagawanyika. "Na nyie si mnavyo tele pale getini? Si mlinipa mimi mwenyewe kimoja nilipozaa? Acheni kung'ang'ania mawe yetu."

Ni kweli tulikuwa navyo tele. Shule tatu zilikuwa na ua wa Kulwa na Doto. Kanisani kwetu vilizunguka uwanja wote, na kituo cha afya kilikuwa navyo pande zote za njia. Niliandika barua, nikaenda vikao, nikajibiwa na watu wapole sana kwamba mmea ambao kitalu cha serikali kinazalisha kwa wingi hauko hatarini. Hata mimi, niwaambie ukweli, usingizi ulinijia bila shida. Mlima ukaliwa kuanzia ubavuni hadi kileleni. Leo pale ni shimo la maji ya kijani, ng'ombe wananywa.

Mzee Masunga nilimwona mara ya mwisho kitandani kwake. Nilimwambia mlima umekwisha. Alifumba macho muda mrefu, kisha akatabasamu. "Lakini tuliwahi," alisema. "Si tuliwahi, ng'wanone?" Nikasema tuliwahi. Akafa na amani yake, na nashukuru Mungu kwamba alikwenda kabla Neema hajaletwa kwetu.

Neema mnamjua, ndiye bosi wenu sasa, lakini alipofika alikuwa binti aliyetoka chuo Morogoro, mwenye begi kubwa na maswali madogo madogo. Niliyapenda maswali yake. Mpaka siku aliponikuta banda la kivuli nikijaza viriba.

"Mama Kabula, mbegu za Kulwa na Doto mnaziweka wapi?"

"Hatuna."

"Za mwaka huu?"

"Hatujawahi kuwa nazo. Huyu hapa mjini hazai. Mzee Masunga alikuwa anasema anaona aibu kwa sababu ya magari."

Hakucheka. Akauliza miche yote ilitoka wapi. Nikamwonyesha Mama getini, kwa majivuno. Akauliza: yote? Nikasema yote. Ya shuleni? Ya kanisani? Ya akina mama wa mapacha? Nikasema mwanangu, kwani huelewi Kiswahili, nimesema yote. Neema akakaa chini, juu ya tuta la mbegu za mkenge nilizosia jana yake.

Alinieleza pole pole, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Kuna miti inayojichavusha yenyewe, na kuna isiyoweza. Huyu hawezi. Lile vumbi la njano la ua, chavua, likiangukia ua la kichaka kile kile halifanyi kitu. Lazima litoke kwenye kichaka kingine, kilichoota kwa mbegu nyingine. Na kipandikizi si mtoto wa mti. Ni mkono wake.

"Mkimkata vipande mkampanda Simiyu nzima," alisema, "bado mna mti mmoja tu, umesimama mahali pengi."

Nilimkasirikia. Nilimwambia ya vitabuni yabaki vitabuni. Halafu nikachukua brashi yake ndogo nikaenda naye, msimu mzima wa maua. Tulibeba chavua ya shule kwenda kanisani, ya kanisani kwenda kituo cha afya, ya kituo cha afya kurudi getini. Tulifunga nyuzi nyekundu kwenye vikonyo ili tusipotee. Maua yote yalianguka. Hata kitunda kimoja hatukupata. Nilikwenda kulia chooni, kwa kuwa ndicho chumba pekee ofisini chenye komeo.

Mtu anaweza kusema, basi si muendelee kukata na kuchomeka, mti mmoja mahali pengi si mbaya. Nilisema hivyo mimi. Lakini mwaka uliofuata ua wa shule moja ulianza kupata madoa meusi kwenye majani, kisha mashina yakalainika chini, kisha vichaka vikaanguka vyote kwa mstari. Ugonjwa ukaenda kituo cha afya. Neema alisema kwenye vichaka vilivyozaliwa kwa mbegu, kimoja kingekufa na kingine kingestahimili. Hivi vyetu, kinachomuua mmoja kinawaua wote. Tulipulizia dawa getini hadi siku naondoka, mkazoea kuniona na bomba mgongoni, mkidhani bibi anapenda maua.

Wazo la kutafuta lilikuwa la Neema. Alisema, kabla ya kitalu watu walivunja matawi mlimani wenyewe, kwenye vichaka tofauti. Basi huenda mahali fulani kuna mlango wa nyumba ya zamani wenye kichaka ambacho si Mama. Kimoja tu kingetosha. Tukaanza kuuliza. Tulitangaza makanisani, tulisimama minadani kati ya ng'ombe na mitumba tukiwauliza wazee habari za mapacha wa zamani. Watu walituona tumechanganyikiwa, lakini walitusaidia. Tulionyeshwa visiki. Tulionyeshwa mahali ambapo mti ulikuwepo na sasa kuna choo. Mara kadhaa tulikikuta kichaka kizima, moyo ukadunda, kisha mwenye nyumba akasema, "Tulipewa na yule mzee wenu mwenye baiskeli, Mungu amrehemu." Kila mahali Mzee Masunga alikuwa ametutangulia na wema wake.

Kisha mwinjilisti mmoja akapiga simu kutoka Nassa, kando ya ziwa. Kuna bibi, alisema, anaitwa Bibi Minza, ana Kulwa na Doto mlangoni. Amemuuliza vizuri. Mti ulichomekwa mama mkwe wake alipozaa mapacha, na upo tangu yeye mwenyewe anaingia nyumba ile akiwa bi harusi. Nilimtazama Neema. Bibi huyo kuolewa ilikuwa zamani, kabla kitalu hakijachimbiwa hata kisima. Tulikumbatiana mbele ya vibarua.

Tuliondoka alfajiri na gari la ofisi, maua ya Mama ndani ya kopo lenye pamba mbichi, nimelipakata kama mayai. Nassa kulikuwa na harufu ya samaki na mpunga uliovunwa. Nyumba ya Bibi Minza imekaa juu ya jabali, na kichaka kimeegemea ukuta, kikubwa kuliko chochote nilichokiona tangu mlima ulipokufa. Majani mapana, maua tele. Nilikishika jani nikasema kimoyomoyo, huyu ni mwingine, huyu hafanani hata kidogo. Neema alikuwa ameshatoa brashi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, kama mama yangu.

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola."

Alikuwa amevaa sweta la kiume na alitutazama tukipaka maua yake kwa brashi kama mtu anayetazama wajukuu wakicheza. Mwisho akauliza tunamfanyia nini mti wake.

"Tunataka uzae, mayu," nikamwambia. "Hakuna mwingine. Mlima wa Nkoma umekwisha, na wa kwetu ni tasa. Huu ukizaa, mbegu zipo. Usipozaa, ndiyo basi tena duniani kwetu huku."

Akaacha kutabasamu. "Duniani kote?"

"Huku kwetu kote, ndiyo."

Aliingia ndani. Akatoka na chandarua chake, bado kina kamba za kitandani. Alisema kuku na mbuzi na ndege wa pale hawana adabu, kitu chochote kinachotokeza wanakila. Neema alifurahi, kwa kuwa kingezuia pia nyuki. Nikamwuliza bibi yeye atalalia nini.

"Mbu wa hapa wameshanichoka," alisema. "Damu yenyewe imebaki ya chai."

Tulicheka, tukakifunika kichaka chote, tukakaza kamba kwenye mawe. Akatukaribisha ugali na samaki. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi, furaha ya mtu aliyekuwa anaumwa akaambiwa ni uchovu tu. Nikawa naongea ovyo. Nikasema mti huu una roho ngumu, umepita ukame wote ule.

"Haukupita," alisema Bibi Minza. "Ule mwaka wa njaa ulikauka mpaka mzizi. Mume wangu akaung'oa kwa mikono."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Lakini mayu, mwinjilisti alisema upo tangu unaolewa."

"Upo, si ndiyo. Mti wa mapacha hausemwi umekufa. Ungesemaje umekufa na wenyewe wako hai? Ukikauka unaweka mwingine kwenye shimo lile lile, maneno yanaisha. Huu aliuleta mgeni wa jirani, kaka yake alikuwa anakaa nyumba ile ya bati. Mtu wa Bariadi, mwembamba, kofia ya ukindu. Mtu mzuri yule. Hata soda hakukubali."

Neema aliacha kutafuna. Alinitazama, akisubiri mimi ndiye niseme, maana ndiye niliyekijua Kisukuma vizuri na ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilitazama nje. Chandarua kilikuwa kinapepea juu ya kichaka, safi, kimefuliwa. Bibi Minza alikuwa ananichagulia kipande cha samaki kisicho na miiba. Sikuweza. Nikashukuru, "Wabeja, mayu," nikala.

Njiani Neema alisema labda Mzee alikata kwenye kichaka kingine. Alikuwa anajua kwamba hapana. Ile miaka hakukuwa na kingine kilichokubali kushika. Majani yalikuwa mapana kwa sababu ya maji ya ziwa, na mti ulikuwa mkubwa kwa sababu ulipendwa. Tulikuwa tumesafiri asubuhi nzima kumpelekea Mama chavua yake mwenyewe.

Hayo yalitokea miezi ya mwisho ya kazi yangu. Mlipokuwa mnanipigia makofi siku ya kuagwa, mkisema nimeokoa mti, nilikuwa natafuta kwa macho mlango wa kutokea. Sasa mnajua. Kama mtaendelea kukata vipandikizi kwa Mama, kateni, sina sababu ya kuwakataza, ila chemsheni visu kwanza na msiwaambie watu kwamba mti upo salama. Na mkitumwa mlima mwingine, kwa mti mwingine, bebeni mbegu kwenye miti mingi. Bebeni kwa ile mibovu, iliyopinda, inayowakatalia. Hiyo hiyo.

Bibi Minza alikuwa akinipigia kila baada ya siku chache, kwa simu ya jirani yake. Mimi nilijua mwisho wake, na bado simu ikiita niliikimbilia. Alinihesabia maua. Yamebaki mengi. Yamepungua. Limebaki tawi la upande wa mlango. Sikumwambia lolote. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Juzi amepiga jioni, mvua inanyesha kwake, nimeisikia kwenye bati.

"Yameanguka yote, ng'wanone," alisema. "Nimetafuta mpaka chini, nimechambua takataka. Hakuna kitu."

"Sawa, mayu."

"Labda nilikaza kamba vibaya. Upepo uliingia usiku ule."

"Hukukosea kitu, mayu. Haukuwa wa kuzaa."

Nilisikia mvua, na jirani yake akiuliza kama amemaliza.

"Basi chandarua nikiache mpaka mwakani?"

"Hapana," nikamwambia. "Kitoe, mayu. Ukalalie."

"Nitakitoa kesho," akasema. "Leo wacha mti ulale nacho."